Tairi la Kushoto

Mke wangu, Mama Neema, aligonga nguzo ya geti letu hapa Tunduma, akasema usukani ulimvuta kushoto. Nikamwambia hajui kuendesha. Akanirudishia funguo, akaapa hashiki gari tena.

Tukaenda kwa fundi kupima alaimenti, kama magurudumu yamekaa sawa. Akapima. Nikamwambia arudie, akarudia.

“Alaimenti haina shida, mzee. Ila matairi ya mbele hayalingani. Hili dogo la kushoto kalifunga nani?”

Nililifunga mimi, asubuhi ile ile aliyogonga nguzo, baada ya kulipigania bei ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mpaka muuzaji akanihurumia.

Nikaangalia chini. Mama Neema akachukua funguo mkononi mwangu, taratibu, akitabasamu.

“Mjibu fundi, Baba Neema, twende nyumbani. Naendesha mimi.”