Nyigu Mweusi wa Karantini

Siku yangu ya kwanza kazini Bunia, mkoani Ituri, mkuu wa kituo cha kilimo, ambaye sote tulimwita Dokta, alinifungia kwenye chumba cha giza.

"Simama hapo mpaka nifungue," alisema.

Kilikuwa chumba kidogo kati ya milango miwili, chenye kidirisha kimoja cha kioo. Mdudu yeyote aliyeng'ang'ania nguo zangu angerukia mwanga ule na kunaswa. Hivyo ndivyo tulivyotoka karantini kila siku, yaani mahali pa kuwazuilia viumbe wageni mpaka tabia zao zijulikane. Nilifurahi mno hata nikasahau kuogopa.

Baadaye nilipelekwa Aru, mpakani, kukagua miche na mbegu. Huko nilijifunza kusoma kibali, na pia uso wa aliyekileta. Kisha Dokta akaniita Bunia tena, niwe mkaguzi wa karantini. Mihogo ilikuwa inakufa. Wadudu weupe, kama walionyunyiziwa unga, walifyonza vichipukizi mpaka majani yakajikunja. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikawa adimu sokoni.

Msaada ulikuja kwa ndege, ndani ya kisanduku: wadudu wale wale, ila wamekauka wakawa maganda ya kahawia. Ndani ya ganda hukaa nyigu mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Hamuumi mtu. Hutaga yai ndani ya mdudu wa mihogo, na funza wake humla mdudu huyo akiwa ndani yake, kisha hutoboa ganda akaruka. Kanuni ilikataza kuwaachilia wale waliosafiri. Tuliwazalisha kwanza, na watoto wao ndio waliopewa ruhusa ya kutoka, kwa sahihi yangu.

Siku mbili kabla ya kuwaachilia, wageni wakiwa wamekwisha kualikwa, niliona nyigu mmoja mweusi. Wenzake walikuwa wa hudhurungi. Nikamfuata kwa darubini. Hakuwagusa wadudu weupe hata kidogo. Alipanda juu ya ganda, akalipapasa, akalidunga. Alikuwa akitaga mayai ndani ya watoto wa nyigu wetu!

Nikamwita Dokta.

"Watu iko nangoja, Mama," alisema kwa hasira. "Weye unataka niwaambie nini? Kanyigu kamoja tu!"

"Dokta, siweki sahihi."

Alitoka, akabamiza mlango. Punde akarudi, akaketi kwenye darubini, akatazama muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu kama mwanafunzi.

"Umeona vizuri. Tufunge. Tuanze upya."

Tulitia kila ganda katika kichupa chake na kukiziba kwa pamba. Aliyetoka mweusi, tulimuua. Aliyetoka wa hudhurungi, tulimpa wadudu azae. Kazi ile ilikula wiki nyingi.

Mama Neema, msemaji wa wakulima wa Ngezi, alikuja ofisini akiwaka.

"Munafunga nyigu zetu kwa nini? Siye tutakula nini?"

Nilimwonyesha mweusi mmoja, mfu, ndani ya kichupa cha spiriti.

"Huyu anakula nani?" aliuliza.

"Anakula mutoto wa ule mwenye anatusaidia," nilimjibu.

Akakishika kichupa, akakigeuza kwenye mwanga. "Basi mumuue hata ndugu yake," alisema. "Nitaenda kuwaambia wangoje."

Wakangoja. Siku tulipofungua vichupa shambani kwake, nyigu walitembea juu ya vidole vyangu, wakasita, wakaruka wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Mvua zilipopita nilirudi na Dokta, nikageuza jani moja, la pili, la kumi: maganda ya kahawia kila mahali! Nilimwita Mama Neema kwa sauti iliyowashtua majirani. Tukacheza palepale, matope miguuni, na Dokta akacheza nasi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kituo hunitembelea na kuniuliza juu ya vibali na darubini. Nawaambia kwamba siku moja mkubwa atawahimiza mtie sahihi haraka kwa sababu wageni wanakuja. Wageni watakula, watapiga picha, watapanda gari waende. Mdudu uliyemwachilia atabaki, atazaa, atavuka Ituri yote, na hakuna barua utakayomwandikia ili arudi.