Siku Niliyopuliza Gobore Harusini

Naisimulia mwenyewe kwa sababu nisipoisimulia mimi wanaisimulia wengine, na wao wanatia chumvi, wanasema eti bibi harusi alizimia (hakuzimia, alicheka mpaka shela ikamziba macho), kwa hiyo chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, mimi nalima mahindi kule Nyololo na nguruwe pori nao wanavuna. Bunduki ya dukani bei yake ilikuwa ng'ombe pamoja na ndama wake, halafu uombe kibali bomani, ulipie leseni kila mwaka, na baruti nayo ina kibali chake. Nani ataweza? Basi nikaenda kwa Mzee Mgaya, mhunzi wetu wa majembe, ambaye ukimwendea kwa adabu anakutengenezea na gobore, akanitengenezea langu kwa mbuzi wawili na jogoo. Bomba alilitoa kwenye lori bovu (sikuuliza lori la nani). Nililipiga mara moja tu. Nguruwe alisimama akanitazama, akaendelea kula, mimi nikaanguka chali na unyusi wangu mmoja ukaungua.

Unyusi haujaota vizuri bado, jumbe akaitisha baraza, akatangaza kwamba kila mwenye bunduki aende boma Iringa ikaandikwe, atakayekutwa nayo bila karatasi atanyang'anywa, na juu yake faini au kifungo. Alipofika kwenye kifungo akanitazama mimi, pale penye unyusi.

Usiku ule sikula. Mke wangu akaniambia, "Baba Tulia, nenda kwanza mikono mitupu ukaulize. Wakikubali, unarudi kuichukua."

Maneno ya akili kabisa. Lakini mimi nikapiga hesabu zangu: kwenda kuuliza nauli, kurudi nauli, kuipeleka nauli, kurudi tena nauli. "Nikienda nayo moja kwa moja naokoa nauli mbili," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Hizo nauli mbili ndizo zilizonimaliza.

Jumamosi alfajiri nikalifunga gobore ndani ya blanketi, nikakaza kwa kamba ya katani, nikapanda basi nalo, nikiamini kwamba boma lipo wazi mpaka saa sita na mchana nitakuwa mtu wa halali. Pembeni yangu akakaa mwinjilisti mmoja, jina lake Yoramu, mtu mwenye furaha ambayo haipumziki. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, halafu basi likaruka shimo, blanketi likasogea, mdomo wa bomba ukachungulia nje.

"Ndugu yangu, hicho ni nini?"

Ningeweza kusema mpini. Ningeweza kusema bomba la maji. Sijui shetani gani aliushika ulimi wangu. "Tarumbeta," nikasema.

"Jembamba hivi?"

"La kizamani. La Wajerumani."

Mwinjilisti akanikumbatia! Akasimama katikati ya basi akatangaza kwamba Bwana ni mwema, kwamba leo Iringa kuna harusi, kwamba mpigaji wao mkubwa wa tarumbeta amevimba shavu kwa sababu ya jino, na tazameni, Mungu amewaletea mwingine barabarani! Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye kikapu cha kuku akataka nipige kidogo wachangamke. Nikasema mdomo una kidonda. "Basi upumzike mpaka kanisani," akasema Yoramu, na tangu hapo hakuniachia mkono, hata tuliposimama watu wakachimbe dawa alinisindikiza (fikirini wenyewe nilivyochimba dawa na gobore kwapani na mwinjilisti ananisubiri).

Iringa nikajaribu kumtoroka sokoni. Nikasema nina kazi bomani. "Boma litakuwepo Jumatatu, harusi ni leo," akasema, akanivuta, nami nikavutika, maana ningemwambia nini? Ibada ilishakwisha, watu wapo uani wanakula, wapiga matarumbeta wamekaa kwenye benchi na shaba zao zinang'aa, na mimi nikakalishwa katikati yao na blanketi langu. Nikamuuliza jirani yangu, "Baba wa bibi harusi ni yupi?"

"Yule pale mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Sajini wa polisi."

Nikainuka nitoke, na Yoramu akadhani nimeinuka nipige, akapaza sauti, "Nyamazeni, mgeni wetu kutoka Nyololo!" Uwanja mzima kimya. Sajini mwenyewe akaja akitabasamu, mkarimu wa watu, akasema, "Mgeni, ngoja nikusaidie," akafungua kamba, akavuta blanketi.

Kuku mmoja tu ndiye aliyesema kitu.

Sajini akaligeuza gobore huku na huku, akachomoa kijiti chake cha kushindilia baruti akakitumbukiza kwenye bomba mpaka mwisho, akahakikisha halijashindiliwa, akalifuta kwa kitambaa chake. Mzee mmoja, kiongozi wa matarumbeta, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, akauliza kwa upole, "Hili linapulizwa upande gani?"

"Tutaoneshwa sasa hivi," akasema sajini, na tabasamu lake lilikuwa palepale, jambo lililonitisha zaidi. Akanikabidhi. "Haya, fundi. Puliza."

"Afande, mimi nilikuwa nakwenda bomani..."

"Puliza kwanza."

Basi nikaweka mdomo kwenye bomba la lori nikapuliza kwa nguvu zote za mtu anayeogopa jela, ikatoka sauti ya ng'ombe anayezaa, na masizi yote ya ile risasi yangu moja yakatokea kwenye tundu la nyuma la kuwashia baruti, puu! yakatua kwenye shati jeupe la baba wa bibi harusi.

Nilijua nimekufa. Lakini bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata bwana harusi, wakafuata wote, watu wakaangukiana, na sajini akajitazama shati, akajaribu kukaza uso, ukamshinda.

Kucheka kulikwisha, sheria haikwisha. Nililala mahabusu mpaka Jumatatu, ingawa sajini aliniletea wali na nyama ya harusi, akaniambia nile, mimi ni mgeni wake. Yoramu naye alikuja, akaniombea nisamehewe uongo, kwa sauti kubwa, nikiwa sina pa kukimbilia.

Jumatatu karani wa boma akafungua daftari. "Namba ya bunduki?"

"Haina."

"Umeipata wapi?"

"Urithi. Babu yangu." (Sikutaka kumtaja Mzee Mgaya.)

Karani akasogeza bomba karibu na dirisha. "Babu yako alikuwa na lori?"

Akanieleza kwamba bunduki ya kienyeji hata ningekuja bila blanketi isingepewa leseni, ingechukuliwa, ila kama ningekuja kuuliza mikono mitupu, ningeambiwa niipeleke kwa jumbe, basi, bila kosa la kuibeba barabarani. Sajini alinitetea kwamba nilikuwa njiani kuja mwenyewe, kifungo kikaondoka, faini ikabaki. Gobore likakatwa vipande viwili mbele yangu. Ukijumlisha mbuzi, jogoo, faini na unyusi, ningekaribia kununua ya dukani.

Nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu kama wali ulikuwa mzuri, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Tangu siku hiyo nimeapa: jambo la serikali naliuliza kwanza, tena mikono mitupu, hata nauli ziwe kumi. Nguruwe siku hizi nawafukuza kwa kugonga debe. Na kabla sijaligonga mara ya kwanza nilipanda basi mpaka Iringa, nikamuuliza yule karani kama debe lina leseni.