Nyumba Imeuzwa, Jiko Halijauzwa

Tulinunua nyumba kando ya mto, bondeni chini ya Kebirigo, miaka michache baada ya Uhuru. Siku hizo, kwetu Kisii, kununua nyumba lilikuwa jambo la kuelezewa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Mtu alipewa shamba na babake, akajenga, akazeekea hapo hapo. Ukisema umenunua, watu walikutazama kwa huruma, kisha wakauliza taratibu, "Kwani kwenu mlifukuzwa?"

Hatukufukuzwa. Mume wangu alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana wengi. Shamba la babake lilipogawanywa, kipande alichobakia nacho kilikuwa chembamba mno. Mwenyewe alisema kwamba ng'ombe akitaka kugeuka hapo itabidi aombe ruhusa kwa jirani. Yeye alikuwa karani wa serikali mjini Kisii na mimi nilifundisha darasa la kwanza. Tuliishi katika chumba cha kupanga nyuma ya duka, tukisikiliza redio ya jirani bure, na ugomvi wake pia.

Ndipo mume wangu akasikia habari za mzee mmoja aliyepata shamba katika skimu ya Nyansiongo, kule mashamba ya masetla yalikogawiwa wenyeji. Mzee huyo alikuwa ameonja ukubwa. Alikuwa na ekari zisizomalizika kwa macho na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, na sasa aliuza makao yake ya zamani: nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, migomba, na shamba lililoteremka hadi majini. Mume wangu alikwenda kuyaona Jumapili moja akarudi macho yakimng'aa.

"Ukilala kitandani unasikia maji," aliniambia. "Maji yenyewe, yakipita!"

Sikuwa nimewahi kumwona akipendezwa na kitu kiasi hicho, na mimi nilikuwa nimeolewa naye.

Wazee wa ukoo wa pale waliitwa wakae na naibu wa chifu, maana hatukuwa watu wa ukoo wao. Walimhoji mume wangu kama mtu anayekuja kuposa. Je, anakunywa pombe? Je, ana kesi na mtu? Je, mke wake analima?

"Mke wangu ni mwalimu," alijibu kwa fahari.

"Hatukuuliza hilo," mzee mmoja akasema.

Mwishowe walikubali, mbuzi akaliwa, na mambo yakawa yamekwisha. Ndivyo tulivyodhani.

Tulihama mimi nikiwa na godoro kichwani na mume wangu akiwa amevaa tai. Lori lilitushusha juu kwenye kilima, kwa kuwa barabara iliishia hapo, tukateremka kwa miguu hadi mtoni. Daraja lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba, na kila aliyevuka alivua viatu. Wanawake waliokuwa wakifua nguo hapo chini walimwambia mume wangu avue. Akasema, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba asante, amezoea. Alifika katikati. Halafu hatukumwona tena, tukaona kofia tu ikielekea upande wa ziwa, mto unakoishia.

Maji hayakuzidi kiuno. Alisimama, akakaza tai yake, akamalizia safari kwa kutembea ndani ya mto kana kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga. Wanawake walijizuia kwa adabu mpaka alipofika ng'ambo. Kisha mmoja wao akasema, "Karibu nyumbani, bwana karani," na bonde zima likacheka. Kwa miaka mingi baadaye, mtu akiuliza tunakaa wapi, alijibiwa: pale kwa aliyeoga na tai.

Tulipopanda hadi kwenye nyumba, tuliona moshi ukitoka jikoni. Kama ilivyo kawaida kwetu, jiko lilikuwa kijumba chake peke yake, cha udongo na nyasi, nyuma ya ile nyumba ya mabati. Akatoka mama mzee, mfupi, kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

"Mmechelewa," alisema. "Chakula kimeanza kupoa. Na huyu, mbona umemleta akiwa amelowa?"

Alikuwa mke wa yule mzee aliyetuuzia. Tukafurahi. Tukadhani amebaki ili atukabidhi nyumba kwa heshima, kisha amfuate mumewe Nyansiongo. Tulikula ugali wa wimbi na mboga za kienyeji, tukamshukuru. Jua likaanza kushuka, naye akaanza kuosha vyombo bila haraka yoyote. Mume wangu akakohoa.

"Mama, mzee atakuja kukuchukua lini?"

"Anichukue anipeleke wapi?"

"Si Nyansiongo? Kwenye shamba jipya?"

Mama yule akaweka chungu chini. "Mwanangu, nyumba ilikuwa yake, aliijenga na mafundi wake, akaiuza. Sina neno. Ila jiko hili ni langu. Nilibeba udongo wake kutoka mtoni, nikalikandika kwa mikono hii. Siku mlipokaa na wazee mkala mbuzi, kuna mtu aliyekuja kuniuliza kama nauza jiko?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama migomba. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mbuzi yule mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amepikwa na yeye.

Asubuhi mume wangu alikwenda kushtaki kwa wazee. Walimsikiliza kwa makini.

"Anakula chakula chenu?" wakamwuliza.

"Hapana. Sisi ndio tunaokula chakula chake."

"Ni kibaya?"

"Ni kizuri sana."

Wazee wakaangaliana. "Basi shida yako hasa ni nini?"

Ndivyo tulivyoanza maisha yetu kando ya mto, mimi nikiwa mwanamke mwenye nyumba asiye na jiko. Kiswahili husema mwanamume akioa amepata jiko. Mume wangu alikuwa na mke, na bado hakuwa nalo.

Magokoro, maana ndivyo tulivyomwita mama yule, yaani nyanya kwa Kikisii, alilala jikoni kwake na kulitawala. Niliruhusiwa kuingia na kupika, lakini chini ya macho yake. Siku ya kwanza niliposonga ugali wa wimbi alionja kidogo, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Huu ni uji uliochoka kungoja." Kuni zangu nilizipanga vibaya. Mboga nilizikatakata mno. Kitu pekee alichokisifu ni jinsi nilivyopuliza moto, akasema ni kwa sababu walimu wamezoea kupuliza hewa.

Jambo la dini ndilo lililotutesa. Magokoro alikuwa Msabato kamili. Ijumaa jua likizama, moto ulifukiwa majivuni, na mpaka Jumamosi jioni hakuna aliyechemsha hata maji katika jiko lile. Mimi ni Mkatoliki, na Mkatoliki hunywa chai kila siku ya Mungu. Mume wangu alizaliwa Msabato, lakini mji ulikuwa umemlegeza. Basi Jumamosi asubuhi tulifunga mlango wa sebuleni, tukawasha stovu ya mafuta ya taa juu ya meza, mume wangu akipepea harufu kwa kofia mpya, tukanywa chai kama wezi ndani ya nyumba tuliyoinunua wenyewe. Magokoro akirudi kanisani alisimama uani akivuta pumzi.

"Ajabu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nyumba hii siku ya Sabato inanuka kama karakana."

Lakini yeye ndiye aliyenipeleka mtoni. Mara ya kwanza nilipokwenda kufua peke yangu, nilikaa juu ya jiwe zuri bapa, na wanawake wote wakanyamaza. Sikujua kwamba kila jiwe lilikuwa na mwenyewe, kwamba mengine yalirithiwa kutoka kwa mama mkwe, na kwamba nilikuwa nimekalia la mwanamke aliyeogopwa kuliko naibu wa chifu. Magokoro aliposikia, alinishika mkono tukateremka wote. Akasimama mbele ya wenzake akasema, "Huyu ni mtu wangu. Ugali hajui, lakini atajua. Anakaa pale kwenye jiwe langu." Wakanisogezea nafasi. Tangu siku hiyo nilisikia habari zote za bonde, maana habari za bonde zilifuliwa pale pamoja na nguo: nani kamkasirikia nani, kahawa ya nani imekataliwa kiwandani, na mume wa nani amenunua baiskeli asiyojua kuiendesha.

Mvua za masika zilipita, wimbi likakomaa, ndipo yule mzee mwenyewe akaja. Alikuwa amevaa koti zito la kizungu lililomfika visiginoni, na viatu vya mpira, na ndani ya vyote hivyo alikuwa amekonda. Mkononi alibeba kibuyu cha maziwa.

"Nimekuja tu kuona kama bati halivuji," alimwambia mume wangu.

Bati halikuvuja. Alikaa, akalisifu hata hivyo. Macho yake yalikuwa mlangoni, kuelekea jikoni. Magokoro alijua amefika, kwa sababu alianza kuimba wimbo wa kanisa na kugongagonga vyungu.

Baada ya kunywa uji, mzee aliyamwaga ya moyoni. Nyansiongo ni baridi, alisema. Ukungu unaingia mpaka kitandani. Anajipikia mwenyewe, na chakula anachojipikia hata mbwa anakila kwa kumwonea haya. Ng'ombe wa gredi ni wazuri, lakini akiwashika wanazuia maziwa. Akamgeukia mume wangu. "Mwanangu, zungumza naye kwa niaba yangu."

Sijapata kumwona mtu akitamani ndoa ya wengine ipone kama mume wangu alivyotamani siku ile. Lakini aliogopa kuingia jikoni, basi akanituma mimi. Nikawa mjumbe, nikivuka ua kwenda na kurudi.

"Magokoro, mzee anasema amekuja kukuona."

"Mwambie ameshaniona. Moshi wangu si anauona?"

Nikarudi. Nikatumwa tena.

"Anasema kule kuna nafasi kubwa, kuna maziwa, utakuwa kama malkia."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye kigoda chake. "Mwanangu, mimi sikatai Nyansiongo," alisema polepole. "Nyansiongo sijaiona. Tumekaa pamoja tangu nikiwa msichana, nimemzalia, nimezika watoto wawili hapo nyuma ya migomba. Akarudi siku moja akaniambia, funga mizigo, nimeuza. Hivyo tu, kama anayemwambia ng'ombe. Mwambie sitaki kitu. Nataka aniulize."

Nikavuka ua. "Baba, anataka umwulize."

"Nimwulize nini?"

"Kama anataka kuhama."

Mzee akanitazama kana kwamba nimesema naye Kiingereza. Tukasikia mto. Kisha akasimama, akavua koti lile kubwa, akavua kofia, akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni, nao ulikuwa mfupi, ikabidi ainame. Hatukusikia alichosema. Tulimwona tu mgongo wake, umeinama hivyo kwa muda mrefu.

Aliporudi, mume wangu hakuweza kungoja. "Amesemaje?"

"Amesema atafikiria."

Alifikiria mpaka wimbi likavunwa, likaanikwa, likasagwa. Alifikiria vizuri. Kisha akatuma neno kwamba atakwenda, ila mzee asimamishe kwanza kijumba cha jiko, nguzo na fito tu, kwa kuwa udongo ataukandika mwenyewe. Nasikia mzee alisimamisha nguzo hizo kwa kasi iliyowashangaza majirani zake wa skimu.

Siku ya kuondoka Magokoro aliamka mapema, akafagia jiko lote, akawasha moto, akauacha ukiwaka. Alinishika mikono miwili.

"Sasa ninakupa jiko," alisema. "Sikuuzii. Ninakupa."

"Lakini mama," mume wangu akaanza, "si mimi nilishali..."

Nikamkanyaga mguu. Akasema asante.

Wanawake wa mtoni walimsindikiza hadi juu kilimani, wakiwa wamebeba vyungu vyake, na mimi nikilia kuliko wote. Juma lile la kwanza sikuweza kupika kitu kikaiva. Jumamosi iliyofuata mume wangu alitoa stovu, akaiweka mezani, kisha tukaangaliana, akairudisha kabatini. Tulikunywa maziwa baridi.

Likizo ya shule ilipofika nilipanda basi kwenda Nyansiongo na mkungu wa ndizi. Niliwakuta katikati ya shamba pana, la kijani kibichi, lenye upepo. Koti kubwa sasa alikuwa amelivaa Magokoro, mikono ameikunja mara mbili, akikamua ng'ombe wa gredi ambao walitulia mbele yake kama wanafunzi. Mzee alikuwa amenenepa. Jiko jipya lilinuka moshi na udongo mbichi.

"Nyumba yangu iko salama?" mzee akaniuliza.

"Nyumba yako gani?" mkewe akamkata kabla sijajibu. "Uliuza."

Akanikokota hadi jikoni, akanipa kigoda, akasonga ugali. Mahali pazuri, alisema, halalamiki. Wana bomba la maji pale karibu na zizi, unafungua tu. "Lakini maji ya bomba hayana habari. Unachota, unanyamaza, unarudi. Haya, niambie."

Nikaanza na yule wa baiskeli. Alikuwa ameingia nayo mtoni. Magokoro aliacha mwiko, akajipangusa macho, akataka nirudie. Nilikuwa bado sijafika kwenye habari za mke wa mchungaji basi la kurudi lilipopiga honi barabarani, na yeye, bila kugeuza kichwa, akamwambia mumewe atoke akamwambie dereva aende zake.