Chumba Kinachotazamana na Kicheko

Siku Vidole alipotoka kumzika mama yake, alikuta saluni imebaki kuta tupu. Viti vya kuzunguka, draya, vioo, mpaka misumari ya kutundikia taulo, vyote vilikuwa vimekwenda. Aliyevibeba alikuwa shoga yake wa tangu utotoni, mwanamke aliyecheka kwa sauti kubwa hata mtaa mzima ukamwita Kicheko. Saluni waliifungua pamoja: Kicheko alivuta wateja kwa mdomo, mwenzake akawasuka kwa vile vidole vilivyompa jina. Sasa Kicheko alikuwa amehamia jiji kubwa, na amewachukua hata mapacha wawili ambao Vidole mwenyewe ndiye aliyewafundisha kushika kitana. Hata pole ya msiba hakuacha.

Vidole hakulia. Machozi aliyamaliza makaburini. Alianza upya barazani kwa shangazi yake, na kigoda na kioo cha kuazima, na kila msuko alioukaza aliukaza kana kwamba anakaba shingo ya mtu.

"Dada, unaniumiza," wateja walilalamika.

"Samahani mpenzi. Mawazo tu."

Muda si muda akapata chumba chake cha kazi, wateja wakajaa. Lakini donda halikufunga. Aliposikia kwamba Kicheko ana saluni yenye kiyoyozi kwenye barabara kubwa, akakata shauri: atahamia huko huko, apange mlango unaotazamana naye, amnyang'anye wateja mmoja mmoja mpaka abaki anajichana mwenyewe.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akatua mwiko.

"Mwanangu, jiji lile unalijua? Watu wanashinda kwenye foleni. Maji unanunua, kivuli unanunua. Na mimi nikiugua, nani atanishika mkono?"

"Shangazi, siendi kuishi. Naenda kumwonyesha."

"Kumwonyesha mtu nako kunataka pa kulala."

Alikwenda hivyo hivyo. Dalali alimpandisha ghorofani, juu ya gereji, akafungua mlango. Ng'ambo ya barabara, bango la Kicheko lilionekana vizuri kabisa kutoka pale mlangoni. Chumba chenyewe, kiti kikizunguka, magoti ya mteja yangegonga ukuta. Choo ni cha kuchangia na mafundi wa chini, ambao walikuwa wanagonga mabati kiasi kwamba dalali alizungumza kwa kupiga kelele.

"Dirisha halipo?" Vidole aliuliza.

"Dada, hapa ni jijini! Chenye dirisha ni chumba kingine, na bei yake nyingine!"

Na mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kabla ya kutoa ufunguo. Vidole akasimama katikati ya lile joto akipima. Atasuka alfajiri mpaka usiku, na anayenenepa ni mwenye nyumba. Wateja wake wa nyumbani watatafuta mikono mingine. Shangazi atabaki peke yake. Hasira zilimsukuma aseme ndiyo. Akili ikamshika gauni.

"Nipe muda nikafikirie," akamwambia dalali.

Aliposhuka na kuvuka barabara, akawaona mapacha kwenye uchochoro nyuma ya saluni, wanakula wamesimama. Walipomtambua, chakula kikawakwama.

"Shikamoo, dada," walisema, macho chini.

"Marahaba. Mnaishi wapi?"

Waliishi mle mle. Walitandika sakafuni wateja wakiondoka, wakakunja kabla hawajafika. Kicheko alipanga nyumba mbali sana, akifika amechoka na foleni na kuanza kufoka. Siku hizi hacheki kabisa, walisema.

Moyo wa Vidole ukanawiri. Kumbe jiji lilikuwa limeshamfanyia nusu ya kazi! Iliyobaki haikuhitaji chumba.

"Kwangu mtalala chumba chenye dirisha," akasema. "Shangazi anapika, na kila mtu anakula amekaa. Tunaondoka kesho."

Mapacha wakatazamana. "Dada, keshokutwa kuna harusi kubwa. Tuisuke kwanza, ndipo tuondoke?"

"Msiba wangu ulisubiriwa?"

Bibi harusi hakuwa amemkosea kitu. Vidole alilijua hilo, akalimeza.

Asubuhi aliingia saluni kwa mlango wa mbele, mapacha nyuma yake na mabegi. Kicheko aliruka kitini.

"Vidole! Shoga yangu! Umekuja kunitembelea?"

"Nimekuja kuaga. Nawachukua hawa."

"Leo? Na harusi yangu je? Nani atasuka?"

"Wewe. Si una saluni?"

"Huwezi kunifanyia hivi!"

"Naweza. Tena nakufanyia mchana, machoni pako. Wewe ulingoja niwe na udongo wa kaburi mikononi."

Kicheko alifungua mdomo, ule mdomo uliokuwa mtaji wake wote, akawaita mapacha warudi. Hawakugeuka.

Baadaye, Vidole akiwa amesharudi nyumbani na mapacha, mteja mmoja aliyetoka jijini alileta habari. Harusi ile iliharibika vichwa, watu wakasimulia, wateja wakapungua. Kodi ikamshinda Kicheko, na mwenye nyumba wake akafunga mlango kwa kufuli lake na kuzuia vyombo vyote, draya na viti pamoja.

Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele, akatikisa kichwa. "Msamehe sasa, mwanangu. Yametosha."

"Nitamsamehe, shangazi. Ila si wiki hii."

Kisha akamgeuza mteja kichwa taratibu, akachukua kitana. "Hebu rudia tena, mpenzi. Anzia pale pa kufuli, na usiharakishe."