Shamba la Mfano la Ernesta

Kwa miaka kumi na moja, kila mgeni wa serikali aliyekanyaga Kasulo alionyeshwa shamba la Ernesta. Wamekuja wa mbegu, wa mbolea, wa lishe, na mmoja ambaye mpaka leo hakuna anayejua alifuata nini, ila alikula vizuri. Utaratibu ni uleule. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Audax, anapiga simu: "Ernesta, wageni kesho." Naye anaingia shambani, anang'oa kila shina la muhogo lenye ugonjwa wa batobato, analichoma nyuma ya choo, anafagia njia. Kwake, kumwonyesha mgeni jani lililojikunja lenye madoa ya njano ni sawa na kumkaribisha chumbani kitanda hakijatandikwa. Wala hakuona kwamba anadanganya. Aliona ana adabu.

Ernesta ni mjane wa miaka hamsini na nane, mwenye maneno machache na yote makali. Analea wajukuu watatu kwa ugali wa muhogo. Muhogo wenyewe hautoki kwenye shamba la mfano lililoko barabarani; unatoka bondeni, kwenye shamba ambalo mgeni hajawahi kuliona. Msimu huu aling'oa huko mashina ishirini, akapata mihogo myembamba kama vidole. Alikaa chini akalia, akajifuta, akaenda kupika.

Ndipo chuo kikuu na halmashauri wakaja pamoja, wameleta akili mnemba. Mhadhiri wao, Diana, binti mpole wa miwani, alieleza kwamba simu inafundishwa kutambua batobato kwa picha za majani mazima na yenye ugonjwa, na kwamba serikali itapeleka pingili safi za kupanda kule ambako ugonjwa utaonekana. Akasoma fomu ya ridhaa, kurasa nne, bila kuruka neno, mpaka kipengele kwamba mkulima anaweza kufutiwa picha zake siku yoyote bila kuulizwa sababu. Watu waliitikia kwa heshima na usingizi. Wakagawiwa simu, wapige picha kwa wiki mbili.

Kijiji kizima kikafanya usafi shambani kwanza. Ernesta peke yake alipiga picha majani mia tatu, mengine akiyapangusa kwanza kwa kanga.

Mwezi uliofuata waliitwa kwenye ofisi ya kijiji kuonyeshwa ramani. Kasulo yote ilikuwa kijani, maana yake haina ugonjwa. Nyantakara, kule Biharamulo, ilikuwa nyekundu pyu. Watu wa Nyantakara, bila haya hata kidogo, walikuwa wamepiga picha walichokiona.

"Hongereni sana," alisema afisa kilimo wa halmashauri. "Pingili zote zinakwenda Nyantakara Alhamisi."

Mzee Audax akaanza kupiga makofi, na mkutano ukamfuata. Ernesta alipiga mawili, akasimama.

"Mwalimu, ile karatasi ilisema naweza kufutiwa picha zangu."

"Ndiyo mama," alisema Diana. "Na hatuulizi sababu."

"Niulize."

Diana alivua miwani. "Haya, mama. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilichagua. Yenye ugonjwa niliyang'oa, kama ninavyoyang'oa kila mkija. Shamba linalonilisha liko bondeni na limekufa. Nina watoto watatu, na ikifika Januari sina cha kuwapa." Alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakuketi.

Afisa kilimo, aliyewaleta wageni wale wote, alitazama viatu vyake. "Mama, shamba moja halibadilishi ramani."

"Kuna mwingine?" aliuliza Diana.

Mtu akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Kisha mzee Audax akainuka taratibu.

"Langu lilikufa mwaka juzi," alisema. "Unga tunanunua sokoni Benako, tunauingiza kwa mlango wa nyuma."

"Kila Jumamosi," alithibitisha mkewe, bila kuombwa.

Loh! Mikono ikaanza kunyanyuka, kwanza ya wanawake, halafu ya waume zao, mpaka Diana akawa hana pa kutazama. Afisa kilimo akatoka nje na simu sikioni, na ndani wote wakanyamaza wamsikie.

"Gari la Alhamisi lisiondoke, tugawe upya. Ndiyo, Kasulo. Najua ramani ni ya kijani." Akasikiliza kidogo. "Hapana bwana, mashine haina kosa. Ni sisi."