Kabla Hujafunga Springi za Nyuma

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, kule Izigo, baada ya misa. Kaka yangu Dezideri aliingiza gari lake uani kwa baba likiwa limelala upande mmoja wa nyuma kama kuku aliyevunjika mguu. Springi ilikuwa imekatika. Nakupa habari hii kwa sababu jana ulinikalisha hapa barazani, ukanionyesha kwenye simu vyuma vya nyuma vya hilo gari lako ulilolishusha mpaka linafagia majani, ukaniuliza kwa utani, "Bibi, nichukue hizi au hizi?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Ulidhani bibi yako anajua kumenya ndizi tu, kumbe kuhusu springi za nyuma nina la kusema, maana niliwahi kuzikalia.

Dezideri alikuwa dereva mjini Bukoba, kijana wa shati la kubana na suruali pana miguuni. Alikuwa mtu wa watu, lakini alipenda kutazamwa, na hilo nadhani mmerithi wengi katika ukoo huu. Gari lake alilipata kwa mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa amelichosha kwa mbio. Springi za nyuma za magari ya wakati ule zilikuwa vyuma bapa vilivyopindwa, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Dezideri alivitoa baadhi, gari likakaa chini, na kwenye kona za Kanazi likanata barabarani kama kupe. Vijana walisimama kando ya njia kumshangilia. Wenye migongo waliopanda nyuma walikuwa na maneno mengine, lakini nani awasikilize?

Zama zile za ujamaa tuliambiwa kila kitu ni chetu sote. Na kweli, shamba la kijiji lilikuwa letu sote, na jasho letu sote. Ila gari, upande wetu ule, lilikuwa hilo moja. Mgonjwa akizidiwa aliitwa Dezideri, kama yupo. Kama hayupo, yalibaki mabega ya wanaume na machela.

Jumapili hiyo mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, kubwa. Babu yako alikuwa anafundisha shule Kimwani, nami nikarudishwa kwa baba ili niwe karibu na barabara. Mtawa wa zahanati alinipapasa tumbo, akakunja uso. Akasema mtoto amekaa vibaya, nisithubutu kungoja uchungu nyumbani. Nipelekwe hospitali Bukoba wiki hiyohiyo, tena taratibu, nisitikiswe. Niliogopa, mwanangu. Sikumwambia mtu, lakini usiku na mchana nilishika tumbo kama mtu anayeshika chungu kilichoanza kupata ufa.

Kwa hiyo springi ile iliyokatika haikuwa habari ya Dezideri peke yake. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita tata, alikuwa ameketi anatafuna kahawa yake ya kuchemsha, punje mojamoja, bila haraka. Dezideri akamchutamia mbele.

"Tata, waitu," akaanza kwa neno letu la heshima, "usiwe na wasiwasi. Vipuri vimekuwa adimu kama maziwa ya kuku, lakini fundi mmoja mjini ana seti mbili. Zote si za gari hili, ila zinaingia. Moja ni fupi, ngumu, imetoka kwenye gari la mashindano. Nikifunga hiyo, gari linabaki chini na tumbo lake halitagusa barabara tena. Ya pili ni ndefu, laini. Lakini itaninyanyua makalio juu, nionekane kama panzi wa senene."

Watu wakacheka. Tata akanionyesha mimi kwa kidevu, akauliza, "Anastazia atakaa wapi?"

"Nyuma, tata. Alale kabisa, ajinyooshe."

"Wewe umewahi kukaa nyuma?"

"Gari ni langu, tata. Nikikaa nyuma ataendesha nani?"

Wakacheka tena, hata mimi. Tata hakucheka. Aliitema punje iliyokuwa mdomoni, akasema, "Leteni machela."

Hapa lazima nikueleze, kwa kuwa ninyi mmezaliwa na bodaboda. Kijijini kwetu, kumpeleka mgonjwa kwa machela haikuwa kazi ya kila mwenye bega. Ilikuwa na mpangaji wake, na kwetu mpangaji alikuwa tata. Yeye ndiye aliyesema fulani atangulie, fulani akae nyuma, na hakuna aliyembishia, awe ndugu wa mgonjwa au katekista. Wengi walifikiri huwapanga kwa kimo tu.

Akamwamuru Dezideri alale. Kaka yangu, na shati lake la misa, akalala kwenye machela kama maiti, huku shangazi zetu wakimpigia vigelegele. Tata akaweka wawili mbele. Nyuma akamweka Laurenti na mwenzake, majabali wa watu, waliokuwa wanapasua mawe ya msingi wa shule. Akawaambia washuke hadi mtoni na kurudi, kwa mwendo wa mtu mwenye haraka.

Waliporudi, Dezideri alikuwa hatanii tena. Alijishika kiuno. Kila Laurenti alipokanyaga jiwe, jiwe lile lilipanda moja kwa moja hadi kwenye mbavu za aliyelala. Nguvu alikuwa nazo, lakini miguu yake ilikuwa minyoofu kama nguzo.

"Lala tena," tata akasema.

Wa mbele hakuwagusa. Wa nyuma akawatoa, akamweka Projesti, mkulima mwembamba ambaye hata debe la maji ungemhurumia kumtwisha, na mdogo wake aliyefanana naye. Wakashuka njia ileile, juu ya mawe yaleyale. Nilikuwa nimesimama mgombani, nikayaona magoti ya Projesti. Yalikuwa yanainama na kunyooka, yanainama na kunyooka, na machela inaelea juu yake. Dezideri aliporudi alibaki amelala, anatazama mawingu, haamki.

Tata akainama juu yake. Hakupaza sauti. Tata wangu akikasirika sana sauti ilishuka.

"Anayebeba mbele anaona njia. Anayebeba nyuma anaona mgonjwa. Ndiyo maana wa nyuma siwachagui kwa kifua, nawachagua kwa magoti. Wewe umeketi mbele miaka yote, unaona njia tu. Unamchagulia dada yako magoti, na unachagua kwa kuogopa kuchekwa."

Dezideri akasema polepole, "Lakini tata, gari la chini si dhambi."

"Sijasema ni dhambi. Ukitaka kutembea umechuchumaa, tembea. Ila ujue umejinyima nafasi ya kukunja goti, na jiwe likija litamtafuta aliye nyuma."

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ile nilimwona mtu akilazwa kwenye kitanda chake mwenyewe.

Dezideri akaenda mjini, akarudi na springi ndefu. Weee! Nyuma ilikuwa imenyanyuka kweli, na vijana walewale waliozoea kumshangilia wakakimbia nyuma ya gari wakiimba, "Senene! Senene!" Nilimwona alivyoumia. Usiichukulie aibu ya kijana kuwa jambo dogo, mimi siichukulii hivyo. Alilipeleka gari hadi nyuma ya migomba, akaegesha mahali lisipoonekana kutoka njiani, akanisaidia kuingia.

Barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Kulikuwa na mahali mawe yamebaki wazi kama meno, na kila tulipoyafikia nilifumba macho nikisubiri. Gari lilizama kidogo, likapanda kidogo, likatulia. Liliyumba kwenye kona, sikufichi, springi laini zina kuyumba kwake, nami nilitapika njia nzima. Lakini halikupiga. Dezideri, aliyezoea kuruka mashimo, aliyazunguka kama anayepita katikati ya vifaranga. Alikuwa anatazama kioo kuliko njia, mpaka nikamwambia, "Kaka, tazama mbele, mimi nipo." Akalia, mwanangu. Anaendesha na analia, na shati lake la kubana.

Tulifika. Mtoto alikuja siku chache baadaye akitanguliza miguu, kwa taabu kubwa, lakini mikononi mwa wanaojua, na alilia kabla hawajampiga hata kofi. Mtoto huyo ni baba yako.

Baadaye Dezideri alilishusha tena gari lake, maana mapenzi ya mtu hayafi kwa somo moja. Lakini alilishusha kiasi, akatafuta shokapu za kulizuia lisiyumbe, na kabla ya kufunga chochote alimpa mwenzake usukani, akaenda kukaa nyuma hadi Kanazi. Watu walidhani amepata wazimu.

Basi sikiliza ninalokushauri, nami nalisema wazi nisije nikafa ukasema bibi alisimulia hadithi tu. Lishushe gari lako kama roho yako inataka, sikukatazi, ujana hauji mara mbili. Lakini usichague vyuma vya nyuma kwa picha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uliza springi ile na shokapu ile kama vinaelewana, maana ngumu na laini zisizopatana ni ndoa mbaya. Uliza inabaki nafasi gani ya kuinama, gari likiwa na watu, si likiwa na wewe peke yako na muziki wako. Kisha mtafute mtu aliyekwisha kufunga hizo unazozitamani, mwombe akuendeshe kwenye barabara yetu hii hadi Muleba, na wewe ukae nyuma. Ukishuka bado unazitaka, zichukue na baraka zangu.

Na si gari tu. Utakuwa na mke, utakuwa na watoto, pengine watu watakupa uongozi. Utakuwa mbele, unaona njia, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla hujaamua jambo litakalowagusa, nenda kwanza ukakae walipo wao.

Mungu akupe macho ya kuona njia, mwijukulu wangu, na magoti ya kuinama kwa ajili ya wenzako. Awalinde wote utakaowabeba, na hao ambao bado hawajazaliwa. Jumapili uje unichukue twende misani, ukishamaliza kuchagua. Nifungulie mlango wa nyuma.