Riwaya Waliyoifungia Mlango Mobeni

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kifaransa Durban, mwaka 2008, Mkurugenzi wa shule ya lugha alinisimamisha mlangoni akaangalia nilichokuwa nimekumbatia kifuani. Ilikuwa riwaya. Nilikuwa nimefundisha fasihi katika sekondari ya Bukavu tangu ujana wangu, na sikujua kuingia darasani mikono mitupu.

"Mama Mwalimu, hiyo weka kabatini," alisema. "Hapa watu wanataka kusema bonjour na kupokea mizigo ya wageni. Mapenzi ya wafalme hayamsaidii mtu wa hoteli."

Nikaiweka. Shule ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nywele bandia karibu na kituo cha taxi cha Warwick Junction, na ilinibidi kushindana na honi za taxi. Mbinu yetu ilikuwa mazungumzo ya kukariri: mwalimu anatamka, darasa linaitikia, hadi ulimi uzoee. Kombe la Dunia lilipokaribia, wahudumu wa hoteli walijaa hadi kwenye ngazi. Lilipokwisha, wakaisha nao, na Mkurugenzi akafunga shule.

Kituo changu cha pili kilikuwa kanisa la Wakongomani lililopanga ghala huko Mobeni, katikati ya viwanda. Mwenyekiti wa kamati ya wazee alitaka watoto wasipoteze Kifaransa chao. Akaniruhusu pia kufungua darasa la watu wazima, Jumamosi mchana. Hapo ndipo nilipofundisha kama nilivyofunzwa. Tulianza na dictée, yaani imla: mimi nasoma, wao wanaandika. Kisha explication de texte, yaani kuuchambua ukurasa sentensi kwa sentensi: nani anasema, anataka nini, na ni jambo gani analolinyamazia. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo tamu.

Nikaitoa tena riwaya yangu, niliyoichukua kabatini siku shule ilipofungwa. Ni hadithi ya zamani sana, ya Ufaransa ya wafalme. Msichana anaozwa kwa bwana mwema, lakini yeye hampendi. Moyo wake unamwangukia mwingine, lakini hamsogelei. Mumewe anafariki. Sasa yuko huru, na bado anamkataa yule ampendaye.

Mwanafunzi mmoja, Solange, aliinua mkono. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mtengenezaji wa simu mjini, na siku zote alikaa mbele.

"Mwalimu, bwana yake alishakufa. Huyu mwingine hana bibi. Sasa anaogopa nani?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Anaogopa wenye kumuangalia," akasema.

Sikujua bado kwamba Solange mwenyewe alikuwa na mtu. Aliitwa Themba, fundi wa friji, Mzulu mpole aliyekuwa akimsubiri getini baada ya darasa. Alitaka kumwoa. Ndugu wa marehemu mume wake, Papa Déo, mzee wa kanisa hilohilo, alikuwa ameshaamua kwamba Solange ataolewa katika ukoo au hataolewa kabisa. Aliposikia habari ya Themba alikwenda kwa Mwenyekiti, na lawama ikaangukia riwaya yangu.

Tuliitwa mbele ya kamati Jumapili baada ya ibada, mimi na Solange.

"Mama Mwalimu, iko kitabu gani hii munasomesha wajane?" Mwenyekiti aliuliza. "Tangu wakisome, Solange anataka kuolewa na mutu wa hapa!"

"Papa Mwenyekiti, mjane wa kitabu hiki anakataa kuolewa," nikajibu. "Kama kitabu kingekuwa na amri juu ya watu, Solange angekuwa ameshamkataa Themba."

Uso wa Mwenyekiti ukang'aa. "Basi waambie vile! Jumamosi simama, useme mjane wa heshima anakaa kama yule."

"Sitasema. Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma. Sifundishi watu kuogopa."

Papa Déo akapiga meza. "Bibi ya ndugu yangu ni wa familia! Hatuwezi kumuachia Mzulu!"

Damu ilinichemka. Katika ghala lilelile, kila Jumapili, tulimlilia Mungu atuepushe na watu wanaotudharau kwa sababu ya tulikotoka. Papa Déo ndiye aliyeongoza maombi hayo, tena kwa machozi. Leo Themba alikuwa nje ya geti, na hawakumkaribisha hata kwenye kiti.

Solange akasimama. Sauti yake haikupanda. "Bwana yangu nilimuuguza mimi. Nikamuzika mimi. Na kuolewa, ni mimi."

Kanisa lilikataa kuibariki ndoa ile. Solange na Themba waliifunga katika ofisi ya serikali, na mimi nilikuwa shahidi. Jumamosi iliyofuata nilikuta kufuli kubwa kwenye mlango wa darasa, na wanafunzi wangu wamesimama juani. Tulikuwa tumebakiza sura moja. Kisha wanawake wa kwaya wakaacha kumsalimia Solange, hadi akahamia kanisa la upande wa Themba.

Nilimalizia kazi kwa kufundisha watoto nyumbani kwao, huko Bluff. Mwaka 2015 macho yalikataa herufi ndogo, nikastaafu. Mwaka huohuo mke wa Mwenyekiti alifariki, mama mwema, nilimlilia. Mwaka haujaisha, Mwenyekiti akaoa tena, msichana mdogo kuliko binti zake. Harusi ilifanyika ghalani, maua kila upande, kwaya nzima imevaa sare mpya. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Papa Déo.

"Eish, Papa alikuwa mupweke sana," mama mmoja wa kwaya aliniambia, akijifuta machozi ya furaha.

"Na Solange alikuwa nini?" nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu, ile inayofika kiti cha nyuma.

Vichwa viligeuka. Nikachukua mkoba wangu nikatoka kabla keki haijakatwa.

Walimu vijana hunitembelea na kuniuliza kama inafaa kusomesha watu hadithi za kale za mapenzi. Huwaambia wazisomeshe, na wajue mapema ni nani atakayekuja na kufuli. Mimi kazi nimestaafu. Hasira sijaistaafisha.